Sufuria Nyeusi ya Papa Ezéchiel

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema watu. Kwa Papa Ezéchiel wa mtaa wa Nguba mambo yamepinduka: mvunguni analala yeye, na kitandani yamelala masufuria.

Niliyaona kwa macho yangu. Masufuria ya fonti, kile chuma kizito cha zamani, yamepangwa juu ya godoro na kufunikwa blanketi. Mama yangu, Nsimire, anauza maharagwe karibu na kanisa. Fonti yake ilianguka ikapasuka; tangu hapo anapikia aluminiamu nyembamba, maharagwe yanaungua, wateja wamehamia kwa jirani. Ndiyo maana nilikuwa pale.

"Papa, hii ya masikio mawili ni bei gani?"

"Siuzi."

"Sasa unazikusanya za nini?"

"Ninaoza. Huyu ni binti yangu. Unakuja kuposa wewe mwenyewe, bila muzee hata mumoja? Kwenu hakuna watu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikatoka nje nisijue kama nimefukuzwa au nimekaribishwa.

Jumamosi nilirudi na tonton Floribert, kaka yake mama, amevaa koti la ndoa na kubeba bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Njiani, nilipomweleza kwamba tunaenda kuposa sufuria, alikuwa ameniuliza kama nina malaria. Lakini mbele ya mwenyeji ulimi wake ulifunguka.

"Tumeona ua imechanua mu lupango yenu."

"Ua gani? Niko nayo mingi."

"Ile nene, ya masikio mawili."

Wakaelewana. Bibi arusi akatolewa, akawekwa miguuni pangu, wazee wakaendelea kunywa.

Alikuwa mweusi tii, ndani na nje. Sasa niambieni, msichana gani wa Bukavu anaketi mikono mitupu mbele ya sufuria nyeusi? Hapa kwetu mama mkwe akija kutembea, kabla hajakaa anageuza masufuria, yasipong'aa, umeshajulikana. Nami nilikuwa naipeleka kwa mama. Nikaibeba hadi nyuma ya nyumba, nikachukua mchanga na jivu, nikasugua mpaka chuma kikawa kijivu kitupu. Niliirudisha nikingoja sifa.

Papa Ezéchiel aliweka kikombe chini.

"Umefanya nini?"

"Nimeiosha, Papa."

"Ile haikukuwa uchafu. Ilikuwa mafuta. Marehemu bibi yangu alikaanga mu hii sufuria tangu ndoa yetu mpaka kifo yake. Mafuta iliingia mu chuma, ikakuwa nyeusi, chakula ikaacha kushika. Umemutoa ngozi."

Niliitazama sufuria, nikamtazama yeye. Mafuta? Tangu utoto nimeambiwa weusi wa sufuria ni uvivu wa mwanamke. Leo weusi ndio mwanamke mwenyewe? Na pale chini, maji yalipokuwa bado hayajakauka, kutu nyekundu ilikuwa imeshaanza kutokeza.

"Omba musamaha," alisema, akashika sikio moja la sufuria. "Kwangu na kwake. Nyuma ya kuomba, umubebe."

Tonton alinifinya. "Colombe, neno moja tu. Fikiria maharagi ya mama yako." Kisha akamgeukia mwenyeji: "Mukwe, mimi minaomba kwa jina yake."

"Hapana. Inatoka mu kinywa ya mwenye alisugua."

Neno moja, na mama angerudishiwa wateja wake. Ningeombea radhi nini: mikono iliyoosha, au mama aliyeifundisha kuosha? Nikashika sikio la pili.

"Papa, mama atakaangia mafuta ya nguruwe humu mpaka irudi nyeusi. Kila siku ya Mungu uje kumuangalia binti yako. Sahani ya kwanza ya maharagi itakuwa yako."

Hakuachilia. Nami sikuachilia.

"Na musamaha?" akauliza.

"Huo siombi."