Kidoti Kwenye Sahani

Tangu kile kitaa cha leza cha kufungwa kwenye bastola kifike kwa posta siku ya Jumatatu, Raylene Hatcher hakupata kiti kilichomkalisha. Alikuwa akiosha kikombe kile kile mara mbili. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Na kila alipopita mlango wa sebule, alikiona kidoti chekundu kwenye mawe ya bomba la moshi, kikicheza kama mdudu aliyenaswa kwenye utando wa buibui. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili, bastola tupu mikononi, akijaribu kukituliza. Nje, mbwa wao Tater alikuwa akiparua mlango na kulia, maana siku ya kwanza alikifukuza kile kidoti mpaka akajigonga pua, na tangu hapo alifungiwa barazani.

Delbert Hatcher alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini aliwafundisha watu wa pande zile za mashariki ya Oklahoma kushika bastola bila kujiua wala kuua jirani. Wauza mbegu, walimu, wahubiri, wake wa wafuga ng'ombe, wote walipita mikononi mwake, nyuma ya ghala la nyasi, mbele ya tuta la udongo. Masikio yake aliyaacha huko huko. Sasa ukitaka akusikie sharti usimame mbele ya uso wake. Na mwaka huu mikono nayo ilikuwa imeanza kutetemeka.

Mwezi wa Agosti wezi waliingia kwa jirani yao, Coy Pruitt, wakabeba matandiko mawili ya farasi na mashine ya kuchomelea. Delbert, aliyekuwa akiishi peke yake tangu mkewe Wilma afariki, akaacha kulala. Mara mbili alimpigia sherifu simu kuhusu nyayo chini ya dirisha, na mara mbili askari kijana alimwonyesha kwa adabu kwamba nyayo zile zinalingana na viatu alivyovaa mwenyewe. Habari ikafika Tulsa, kwa Lonnie, kaka yake Raylene. Lonnie akasema sasa imetosha: anakuja kuichukua ile bastola ya kando ya kitanda, na baba ahamie mjini kwenye nyumba za wazee.

Raylene ndiye aliyemsihi asubiri. Alichukua likizo kazini, akahamia kwa baba yake wiki tatu, na katika kubembeleza huku na huku wakapatana wote watatu, Raylene awe mwamuzi. Jumamosi ya wiki ya tatu, siku moja kabla Lonnie hajafika, sahani ya karatasi itabandikwa kwenye tuta, hatua saba kutoka anaposimama mzee. Kidoti kikikaa ndani ya sahani mpaka hesabu ya kumi, bastola inabaki, nyumba inabaki, na Lonnie hatafungua mdomo tena. Kikitoka, basi.

Mzee alikuwa na imani kubwa na kitaa chake. Alimweleza binti yake kwamba kile kijino cha chuma cha kulengea, kilicho mbele juu ya mtutu, siku hizi anakiona viwili, lakini leza haikulazimishi kulenga chochote. Unaikaza ngumi tu, inawaka yenyewe, na palipo kidoti ndipo inapokwenda risasi. Mwizi akiingia gizani unamtazama yeye, hutazami bastola. Raylene aliitikia. Hakumwambia alichokiona tangu Jumatatu, kwamba vijino vya chuma vilikuwa vimeuficha ule mtetemeko miezi yote, na leza imekuja kuupigia mbiu ukutani.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, maharage na mkate wa mahindi ambao Raylene hakuugusa, Coy Pruitt alifika na mfuko wa pekani, kokwa za kutafuna alizookota chini ya mti wake. Alikuwa rika la Delbert na mdomo wake haukuwa na breki.

"Naambiwa leo kuna mtihani," alisema akishuka garini. "Nimekuja kuona kama utafeli kama ulivyofeli hesabu darasa la nane."

"Nilifeli kwa sababu nilinakili kwako," Delbert akamjibu.

Wakaenda nyuma ya ghala. Pikapu kuukuu ya mzee ilikuwa mahali pake pa siku zote, kando ya meza ya silaha, kitako kikielekea tutani, mlango wa nyuma umeshushwa. Raylene alipouona alikumbuka baridi ya bati lake. Hapo ndipo walipokaa waliofukuzwa. Sheria ya Delbert ilikuwa moja kuliko zote: kidole kinalala ubavuni mwa bastola, hakigusi kifyatulio mpaka umekwisha kuamua kupiga. Aliyekosea hakukaripiwa. Delbert alisema neno moja tu, "Kidole," na mtu aliweka silaha mezani, akaenda kukaa kwenye pikapu mpaka darasa liishe. Kusema bastola ilikuwa tupu hakukumwokoa mtu. Tupu, alikuwa akisema, ndizo zilizozika watu wengi. Mhubiri wa Kibatisti alikaa pale na Biblia yake. Raylene mwenyewe alikaa pale siku alipotimiza miaka kumi na miwili, keki ikimsubiri ndani, na mama yake hakuja kumtetea.

Mzee alitoa magazini ya risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, akatazama chembani inapokaa risasi, kisha akamgeuzia binti yake. "Na wewe."

Raylene alitazama, akapitisha ncha ya kidole ndani. Tupu. Coy naye akatazama. Risasi zilikuwa nyumbani, kwenye kopo la kahawa. Ndivyo walivyofanya siku zote, macho mawili hayatoshi.

Mara ya kwanza kidoti hakikufika hata hesabu ya tatu. Kilipanda juu ya sahani, kikashuka kwenye udongo, kikarudi, kikazunguka ukingo kama nzi anayetafuta supu.

"Del, hicho kidoti chako kimekunywa kahawa," Coy akasema. "Mwizi atakufa kwa kizunguzungu."

Delbert hakucheka. Aliuliza, akimtazama Raylene usoni, kama anaruhusiwa kuegemea nguzo ya ua, kwani hata nyumbani mlango wa chumba una mwimo wa kuegemea. Raylene alikuwa akikanyaga hapa na pale, mikono kwapani, upepo ukimtupia nywele machoni. Akasema sawa, jaribio moja la mwisho. Alitaka baba yake ashinde. Wiki nzima alikuwa amekwisha kumsikia Lonnie kichwani, na kuiona nyumba ile imefungwa, na baba yake kwenye kiti cha plastiki dirishani mjini.

Mzee akabandika kiwiko kwenye nguzo, akakaza ngumi. Kidoti kikatua ukingoni mwa sahani, kikajikokota katikati.

"Moja," Coy akaanza, kwa sauti ya mnadani ili rafiki yake asikie. "Mbili. Tatu."

Kilikuwa kimetulia. Coy alikikodolea macho, mzee alikikodolea macho, hata Tater kule barazani alikuwa amenyamaza. Raylene akaona kwamba yeye peke yake hakitazami. Macho yake yalikuwa mkononi mwa baba yake, kwa mazoea ya siku nyingi za kuitazama mikono ile ikimwaga chumvi, ikitafuta tundu la kifungo. Na kidole hakikuwa ubavuni. Kilikuwa kimejikunja ndani, juu ya kifyatulio, kikishikilia kama mtu anavyoshika kamba asianguke.

"Nne!"

Chini ya sauti ya Coy kulikuwa na mlio mdogo, *tik*, wa chuma kuanguka juu ya chuma. Kidoti kiliruka upana wa ukucha, kikarudi. Coy hakusikia kwa kelele zake. Delbert hakuwa na masikio ya kusikia mlio ule.

Hesabu ikafika kumi. Coy akamgonga rafiki yake mgongoni, akasema Lonnie abaki huko huko Tulsa kwenye magari yake mengi. Mzee aligeuka, mtutu bado ukielekea tutani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Raylene hakuiona tangu mazishi ya mama yake. Kidole kilikuwa bado ndani.

Raylene alisogea mpaka mbele ya macho yake. Angeweza kunyamaza, na Jumapili ingepita.

"Baba," alisema. "Kidole."

Delbert aliinamisha uso. Aliutazama mkono wake kwa muda, kama wa mwanafunzi.

"Nilifyatua?"

"Kwenye nne."

Mzee hakusema kwamba ilikuwa tupu. Aliiweka bastola mezani, mtutu kwenye tuta, na kidoti kikazimika. Akaenda kwenye pikapu, akajipandisha kwa shida bila kusaidiwa, akakaa juu ya bati, mikono katikati ya magoti. Raylene alibaki amesimama, akihesabu misumari ya ghala, hajui aende kwake au asiende. Katika sheria ile mtu hakufuatwa. Akaenda. Wakakaa bega kwa bega.

Kisha mzee akamwambia Coy aichukue ile bastola, aifungie kwenye kasha lake la chuma, na asimpe hata akija kuiomba kwa machozi. Coy akauliza kitaa je, nacho akiweke?

"Kifungue. Leta hapa."

Coy alihangaika na skrubu zile ndogo mpaka akaapa. Raylene alikwenda kumfungulia Tater. Delbert akakaza kitaa kiganjani, na kidoti kikaanguka kwenye nyasi, kikitetemeka vibaya. Mbwa alikirukia kama kichaa. Kwa jinsi kilivyotetemeka hakukikamata hata mara moja, na hakutaka kuacha.

"Kesho Lonnie anafika saa ngapi?" mzee akauliza.

"Baada ya kanisa."

"Basi kitasa kipya cha mlango wa nyuma wa nyumba tukifunge leo, akute nyumba inalindwa bila bastola," akasema. "Wewe ndiye utakayeshika bisibisi."