Nyayo za Mechi ya Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jumanne saa nne asubuhi, mtunga programu wa chama cha kriketi alibonyeza kitufe, akaegemea kiti na kuanza kumenya chungwa. Ofisini walimwita Fundi. Programu yake ilikuwa na kazi moja tu. Ukiipa namba ya mechi, iliingia kwenye kurasa kuukuu za mtandaoni, ikachota kadi ya alama: nani alipiga, alipata mikimbio mingapi, nani alimtoa. Kisha ikapanga yote kwenye jedwali. Aliitunga isiongeze neno wala isipunguze.

Kadi ya kwanza ilikuja na mikimbio yake. Mtu asiyeonekana alitimka kwenye korido kutoka mlango wa stoo hadi mlango wa mwenyekiti, akageuka, akarudi. Korido ile ilikuwa na yadi ishirini na mbili, sawasawa na njia ya wapigaji uwanjani, kwa hiyo nafasi ilitosha.

Mama wa usafi alichungulia dirishani. "Fundi, hawa watu wako wana viatu vya misumari. Wananichimbia sakafu."

"Samahani, mama. Nitachota wachache wachache."

Kufikia wiki ya pili ofisi nzima ilikuwa imezoea. Wageni waliombwa wapite ubavuni mwa ukuta. Mipira iliyofika mpakani haikimbiwi, hivyo alama zake zilikuja kimya. Iliyobaki ilikimbiwa yote, mmoja baada ya mwingine.

Alhamisi ikafika zamu ya mechi ya mia tatu na kumi na mbili, iliyochezwa miaka thelathini na minne nyuma. Kila mtu pale aliijua. Mwenyekiti, enzi hizo kijana mwembamba, alipata mikimbio themanini na saba, akaiokoa klabu yake isifungwe. Jukwaa jipya la uwanja lilikuwa linajengwa kwa jina lake.

Kadi ilifika ikiwa na jina lake na hesabu yake. Nje, miguu ilianza kukimbia, myepesi kuliko yote iliyotangulia.

"Njoo uone," mama wa usafi aliita. "Huyu hana viatu."

Alikuwa ametoka kupiga deki. Kwenye sakafu mbichi zilijipanga nyayo za miguu mitupu, na wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Fundi alichuchumaa. Mguu ule aliujua. Tangu mgongo wa baba yake ukatae kuinama, yeye ndiye aliyekuwa akimkata kucha. Baba alikuwa mtunza uwanja kwa miaka ishirini na minane, na kile kidole kilichukuliwa na mashine ya kukatia nyasi kabla Fundi hajazaliwa.

"Mama, mwenyekiti ana vidole vingapi?"

"Kumi. Huvua viatu chini ya meza. Nimevihesabu nikifagia."

Jioni Fundi alimkuta baba yake barazani akifungua redio kwa bisibisi.

"Baba, leo nyayo zako zimekimbia kwenye korido ya ofisi. Siku ya mikimbio themanini na saba ulikuwa wapi?"

Mzee aliweka bisibisi chini. "Katikati ya uwanja."

Akaeleza bila haraka. Mrushaji wa timu ngeni alikuwa anarusha mpira kama anayelipa kisasi. Zamu ya bwana mdogo, ambaye sasa ni mwenyekiti, ilipokaribia, tumbo likamwendesha, akajifungia chooni. Wenzake walikuwa wamemwona mtunza uwanja akipiga wakati wa mazoezi. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuandikishwa kama wachezaji, basi wakamvika nguo za yule kijana na kofia yake ngumu yenye wavu wa uso, wakamwambia asiinue kichwa.

"Viatu vyake vilinibana, nikavua."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye hakuwepo, na lake likawepo." Alicheka kidogo, akaacha. "Kuna nyakati nilidhani niliota, mwanangu. Kumbe miguu haijasahau."

Kesho yake Fundi alimwita mwenyekiti, akaichota kadi tena mbele yake. Mwenyekiti alisimama mlangoni mikono mifukoni, akatazama nyayo zikienda na kurudi kwenye maji ya deki.

"Ndiye," alisema. "Hata mazoezini alikuwa akikimbia hivyo hivyo, kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Basi tumwandike."

"Binti yangu, kadi ina jina langu. Kazi yako ni kuchota, si kuandika."

Kamati ilikutana Jumatatu. Ilikubali kwa kauli moja kwamba nyayo ni za mtunza uwanja na mikimbio ni ya mwenyekiti, ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Pia ilipitishwa kwamba sakafu ya korido iwekwe zulia.

Fundi aliporudi mezani kwake alifuta jina la mwenyekiti kwenye jedwali, akaandika la baba yake. Programu ikaenda ilikozoea kwenda, ikasoma kilichoandikwa, ikamrudisha mwenyekiti. Akafuta tena. Ikamrudisha tena. Haikuwa na kosa lolote. Alikuwa ameitunga vizuri. Akazima skrini kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefumba macho ya mwingine.

Siku ya uzinduzi wa jukwaa wageni walijaa koridoni. Baba alialikwa kama mfanyakazi mstaafu, akaja na shati lililopigwa pasi. Mwenyekiti aliombwa achague mechi, akachagua ile, akabonyeza. Vishindo laini vikaanza juu ya zulia. Wageni walisogea pande zote mbili kwa adabu, wakishikilia glasi zao. Baba alibaki amesimama katikati.

Mama wa usafi akamgusa bega. "Mzee, pisha, anapita."

Baba akarudi nyuma, akabana mgongo ukutani, akajipisha. Alisimama pale hadi mkimbio wa mwisho, midomo ikihesabu, upepo ukimpita usoni. Fundi alikuwa amemshika mkono. Wageni walipompigia makofi mwenyekiti, mzee aliuachia mkono wa binti yake, naye akapiga, kwa sababu mpigaji alikuwa amecheza vizuri.