Mke wa Mwenye Nyumba ya Wageni

Jukwaani jenerali alikuwa ameshakatwa kichwa, na kwenye maandishi ya ukutani bado alikuwa anaagiza chai.

Kicheko kikapita uani mwa hekalu. Mama, kwenye kiti cha mbele kabisa, hakucheka. Alitazama maandishi, akatazama vikaragosi, kisha akageuka kunitafuta kwa macho. Nilitamani ardhi inimeze.

Masikio ya Mama yalikuwa yameziba miaka mingi. Baba aliendelea kuchezesha vikaragosi vyake kwenye mahekalu ya mji wetu wa Tainan, na katika miaka hiyo alimtunga mhusika mpya, mke wa mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mwenye ulimi mkali. Kila neno lake lilikuwa la Mama: alivyomfokea Baba kwa kulala na viatu, kwa kuacha ndoo mvuani. Watu walivunjika mbavu. Mama peke yake hakujua. Ndiyo maana nilitengeneza ile programu ya kutupa maneno ya mchezo ukutani, mstari kwa mstari, kila nikibonyeza kitufe. Onyesho la tatu ndilo lililokuwa na yule mwanamke, na Baba alikuwa anastaafu siku hiyohiyo. Leo au basi tena.

Nyumbani programu ilikwenda bila tatizo. Laptopu ya kikundi ilikuwa kuukuu, lakini nayo ilikuwa na mfumo uleule wa Linux, nikajipa moyo. Uzuri wa Linux, na balaa lake, ni kwamba mashine moja unaivalisha sura unayotaka: ipo nzito yenye madoido, ipo nyepesi isiyo na makuu, na programu ileile hubadilika tabia kila ukibadilisha sura. Nilianza na sura iitwayo GNOME kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Maneno yakawa yanakokota miguu.

"Baba, simamisha kidogo!" nilinong'ona nyuma ya pazia.

"Nisimamishe?" Mikono yake ilikuwa juu, jasho linamtiririka. "Tunamchezea mungu wa hapa, A-Hun, hatukuchezei wewe. Mchezo ukishaanza haukatwi."

Nikaingia sura nyingine, KDE. Dirisha likafunguka kwenye laptopu, ukuta ukabaki mtupu. Nikalivuta kwenda ukutani, likarudi. Nikalivuta tena. Jamani! Nikahamia Xfce, ile nyepesi. Ikawaka upesi, nikashusha pumzi, kumbe mkanda wake wa vitufe, ule wa chini, umefunika nusu ya maandishi. Nikauficha. Mistari michache ikaenda vizuri, kisha ikaanza kukokota tena. Onyesho la pili lilikuwa linaisha.

"Ba'mdogo, hii mashine ina nini?" nilimuuliza Thiam-hok, ndugu yake Baba, mpiga ngoma wetu.

"Haiwezi kuwa na kitu. Nimeiwekea pakiti."

"Umeiweka wapi?"

Akanionyesha kwa kijiti cha ngoma. Kwetu kila mtu huweka pakiti ya kijani ya vitafunio ambavyo jina lake ni kama kusema "tulia", juu ya mashine ili iwe na adabu; hata hospitalini huweka. Lakini ba'mdogo, kwa kuogopa upepo usiipeperushe, aliisukumiza nyuma ya laptopu, chini ya kitambaa chekundu, ikaziba palepale joto linapotokea, na mashine ikipata joto huzubaa. Niliigusa. Ilikuwa ya moto kama mkate.

Nikaichomoa.

"Wee! Utatuletea mikosi!"

"Mikosi ndiyo hii! Muda wote nahangaika na sura, kumbe ni wewe!" Nikamrushia, akaidaka kwa mikono miwili.

Mke wa mwenye nyumba ya wageni akaingia jukwaani, mkono kiunoni. Nikabonyeza. Maneno yakatua ukutani wakati uleule alipotikisa kichwa.

Mama akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akaacha kutafuna mbegu zake za tikiti.

"Huyu ni mimi!" akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake. Ua zima likamgeukia. Akasimama. "Na haikuwa ndoo! Ulikuwa mchele! Uliacha mchele mvuani!"

Ba'mdogo alisahau ngoma yake. Kikaragosi kikamgeukia Mama, na Baba akamjibu kwa sauti ya yule mwanamke. Mama akatazama ukuta, na ukuta bado ulikuwa kwenye mstari wa ndoo.

Nikafuta, nikaandika harakaharaka alichosema Baba, nikabonyeza.

"Kweli, ulikuwa mchele. Nilidhani umesahau."

Mama alisoma polepole.

"Sikusahau hata kimoja," akamwambia kikaragosi, akaketi. "Haya, endelea."