Mafuta Katika Damu ya Nasur

Nasur alikuwa mwembamba hata watu wa Koboko, walipomkuta akipindua nyama kwenye jiko lake karibu na stendi, walimuuliza nyama yote ile ya muchomo humalizwa na nani. Sehemu nzuri ilimalizwa na yeye mwenyewe. Kila asubuhi alijikatia kipande cha mkia wa kondoo, akakichoma taratibu, akakila na chumvi kabla mteja hajafika. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko na hayakumnenepesha hata kidogo. Aliamini kwamba mwili wake ni kama jiko lake: chochote kinachoingia kinaungua.

Rafiki yake Alionzi, muuza mbegu mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni, alimwonea wivu kwa jambo hilo. Mjomba wake alipopatwa na kiharusi huko Manibe, Alionzi aliingiwa na hofu. Akaamua kwenda kliniki moja mjini Arua kupima moyo, na akamwomba Nasur amsindikize.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya daktari mmoja aliyeitwa Sandra, mama mpole asiyependa maneno mengi. Alionzi alipoona sindano aliuficha mkono nyuma.

"Aanze Nasur," alisema. "Mimi naangalia kwanza."

Nasur akacheka, akakunja mkono wa kanzu, akatoa damu. Alionzi akaona aibu, akatoa yake huku amefumba macho.

Majibu yalipotoka, wote wawili walikubali kusomewa pamoja.

"Bwana Alionzi," daktari alisema, "mafuta ya damu yako si mabaya. Presha imepanda kidogo, na hilo tumbo lipungue. Mzee Nasur, kolesteroli yako iko juu sana."

Nasur akacheka tena. Akamsubiri daktari naye acheke.

"Daktari, chupa zimechanganyika. Angalia huyu, kisha angalia mimi."

"Chupa zina majina."

"Basi majina yamechanganyika."

Alionzi alikuwa amekwisha kuegemea kiti kama mtu aliyeshinda kesi. "Mimi nasema kila siku," alisema. "Huyu mutu iko nakula mafuta sana."

Daktari Sandra alieleza bila haraka. Baadhi ya mafuta hayo hutoka kwenye chakula, lakini mengi hutengenezwa na ini lenyewe, na kuna watu ambao damu yao haiyaondoi inavyotakiwa, wawe wanene au wembamba. Yakizidi, huganda kwenye kuta za mishipa, njia ya damu ikapungua, mpaka siku moja inazibwa na moyo unakosa damu. Kabla ya hapo mtu hasikii kitu, wala maumivu.

"Baba yako yupo?" aliuliza.

"Alikufa. Alikuwa anafunga kilemba kwenda sala ya Idi, akaanguka. Hakuwa mzee."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Watu walisema ni jirani aliyemroga."

"Huyo jirani ndiye aliyekuwa anampikia?"

Nasur alifikiri. "Hapana. Alikuwa anapikiwa na mama. Na samli."

Kwa kuwa hakuridhika, damu ilitolewa mara ya pili, na Nasur akaifuata chupa kwa macho mpaka kwenye mashine. Majibu yakawa yaleyale. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze mafuta ya nyama na samli, ale maharage na mboga, atembee. Tena awapeleke watoto wakapimwe, maana hali kama hiyo inaweza kurithiwa.

Nyumbani mkewe, Kaltumu, alisikiliza yote, kisha akawagawia majirani samli yote iliyokuwamo. Nasur alivimeza vidonge kwa utii, lakini kule jikoni kwake stendi alikuwa na hesabu nyingine. Kidonge, alisema, ni kama askari. Usipompa mwizi wa kukamata, atalala. Kwa hiyo aliendelea kukipelekea kazi, kipande cha mkia kila asubuhi.

Alionzi akajipa kazi ya ulinzi. Alikaa kwenye benchi la stendi, na kila Nasur alipopeleka kipande mdomoni, alimpokonya na kukila yeye.

"Naokoa maisha yako," alisema, akijifuta midomo.

Kaltumu aliwakuta siku moja katika uokozi huo. Akawatazama wote wawili.

"Shemeji," alimwambia Alionzi, "na wewe nani atakuokoa?"

Alionzi aliacha kutafuna, lakini hakutema.

Kaltumu ndiye aliyewapeleka watoto Arua. Nasur alikwenda nao akinung'unika kwamba watoto hawana shida. Wadogo walikuwa salama. Shakirah, binti yake mkubwa, mwanachuo na mchezaji wa netiboli, mwembamba kama baba yake, alikutwa na kolesteroli ya juu. Daktari akampangia matibabu yake.

Walikaa nje ya kliniki kwenye kivuli cha ukuta. Shakirah akauliza, "Baba, na wewe unafanya nini na hii?"

Nasur alitaka kumweleza habari za askari na mwizi. Lakini alimkumbuka baba yake sakafuni, kilemba kikiwa kimefunguka, na watu wakitazamana.

"Nameza kidonge," alisema.

"Na mkia?"

"Mkia nimeacha."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Shakirah akacheka, ingawa macho yalikuwa na machozi, na Kaltumu akageuka upande.

Tangu hapo baba na binti walitembea pamoja alfajiri kwenye njia ya Kuluba, kila Shakirah alipokuwa nyumbani. Alionzi aliwafuata kwa mbali, akihema. Wakulima waliokuwa wakienda shambani walisimama kuwauliza wanakimbilia msiba wa nani.

"Bado hakuna," Alionzi alijibu, na akashukuru kupata sababu ya kusimama.

Walipopimwa tena, kolesteroli ilikuwa imeshuka, ya Nasur na ya binti yake. Nasur akamuuliza daktari kama sasa anaweza kuacha vidonge.

"Hapana, mzee. Imeshuka kwa sababu unavimeza."

"Niliuliza tu."

Wakaingia hoteli ndogo karibu na soko la Arua. Nasur akaagiza maharage, mboga ya simsim, yaani ufuta, na chapati. Shakirah akamtazama. Nasur akamwita tena mhudumu na kumwambia chapati ibadilishwe, alete viazi vya kuchemsha.