Ikinyamaza, Njooni

Begi la bibi lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni, baba mkubwa yuko sebuleni anatazama saa yake, na kengele yangu inalia kama imerukwa na akili. Ililia tangu nilipokaza waya wa mwisho. Hakuna aliyeibonyeza. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda jikoni, bisibisi mkononi, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mambo yalianza wiki mbili kabla. Bibi aliteleza chumbani mwake, chumba cha mwisho kule nyuma, akakaa sakafuni karibu saa nzima akituita. Baba alikuwa na redio yake, mama na cherehani yake, na mimi, niseme ukweli, nilisikia sauti nikadhani ni ya redioni. Bibi hakuvunjika popote, ila baba mkubwa alipopata habari alisema basi, Jumamosi ya pili anakuja kumchukua akakae kwake, kwenye nyumba yenye watu wenye masikio. Pale bibi hakupapenda. Mke wa baba mkubwa alikuwa na moyo mzuri, lakini alimlisha mtu mpaka augue, kisha akamlaza saa moja jioni kama kifaranga. Bibi hakubisha. Alinyamaza tu, na bibi akinyamaza ujue kuna jambo.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wa sayansi, tuliyemwita Volti kwa sababu nywele zake zilisimama wima hata siku ya mvua, alikuwa anatufundisha umeme. Alituambia umeme ni kama mgeni mwenye akili: usipomwonyesha njia ya kurudi kwao, haanzi safari. Akachora betri, waya, balbu na swichi, mduara mzima usio na pengo. Nikaona pale pale namna ya kumbakiza bibi nyumbani.

Fundi redio wa mtaani kwetu alinipa kengele ya mlango iliyotupwa na wenyewe. Betri nne nilizitoa kwenye redio ya baba, jambo alilokuja kuligundua wakati wa taarifa ya habari. Swichi niliitengeneza kwa vipande viwili vya bati la kopo. Nilivuta waya kutoka jikoni mpaka kitandani kwa bibi, naye akinitazama muda wote.

"Mke mwenzangu," aliniita, kama alivyoniita siku zote, "hii itanisaidia au itaniua?"

Nikamwambia betri nne haziui hata mbu. Akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke.

Na sasa Jumamosi imefika na kengele haikomi. Mama ameziba masikio. Baba ananitazama kwa jicho la mtu anayekumbuka betri zake. Baba mkubwa aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kama kengele hii huwa inalia mgonjwa akiwa mzima.

Mara ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Katika ule ukimya tulimsikia bibi kutoka nyuma, maana siku hiyo redio haikuwa na betri.

"Nikibonyeza inazima," alisema. "Basi ikinyamaza, njooni. Kelele nitazizoea."

Baba mkubwa alijikohoza ili asicheke. Kisha akainama, akashika begi. Bibi akaongeza, kwa kulalamika, kwamba na hili bati linamuunguza kidole.

Linamuunguza. Volti alikuwa ametuambia kwamba umeme ukipewa njia mbili, moja ngumu na moja rahisi, karibu wote hukimbilia rahisi, mvivu kama ninyi. Nikaliona kosa langu. Swichi nilikuwa nimeiweka pembeni ya kengele, ikawa njia ya pili ya mkato. Bibi akibonyeza, umeme unapita huko kwa vurugu mpaka bati linapata moto, na kengele inabaki na njaa.

Niliomba dakika tano. Baba mkubwa akanipa tatu. Nilifungua waya mmoja, kengele ikakoma, nikaunganisha upya ili umeme upite kwenye swichi kwanza, kisha kengele, kisha urudi kwenye betri, njia moja tu. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa ya baba mkubwa.

"Bibi," nikaita, "bonyeza."

Ikalia. Alipoachia, ikanyamaza.

Baba mkubwa alisema hiyo ni bahati tu, akaketi. Kengele ikalia, akaenda mwenyewe kuona: bibi alitaka maji. Hajakaa sawasawa, ikalia tena: mto umepinda. Mara ya tatu ilikuwa pazia. Mara ya nne aliinuka, akachukua begi, akaenda nalo kule nyuma, akalisukuma chini ya kitanda.

Bibi alikaa nasi miaka sita mingine, na betri za redio hazikumrudia baba kamwe.

Siku hizi ninafundisha darasa la saba. Kila mwaka naunganisha kwanza vibaya, makusudi, kengele inalia na watoto wanaziba masikio wakicheka. Kisha nabonyeza, inanyamaza. Darasa likiwa kimya, miguu yangu bado hutaka kukimbilia chumba cha nyuma.