Kidole Gumba cha Msusi

Kwa miaka miwili msusi alikipaka kidole gumba chake dawa ya fangasi, na juu yake rangi nyekundu ya kucha, wateja wasione. Kucha ilikuwa imeinuka upande mmoja, ngozi ya chini imekuwa ngumu na kutoa magamba. Alinyamaza nayo mpaka asubuhi moja kucha ilipodondosha damu kwenye shela la bibi harusi.

Daktari wa ngozi alikata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka hakuzungukazunguka.

"Ni saratani, mama, ila bado changa. Iko juujuu, haijazama."

Dada yake mkubwa, aliyemsindikiza, ndiye aliyeuliza, "Sasa tunafanyaje?"

"Uhakika zaidi ni kupasua. Tunaondoa kucha na ngozi yake, pengine na ncha ya kidole. Au tujaribu tiba ya mwanga, dawa ya kupaka inayoamshwa na taa. Kidole kinabaki, lakini ugonjwa unaweza kubaki pia."

"Mkateni," dada akasema. "Kidole si roho."

"Wewe unauza viatu!" msusi akamfokea. "Mimi nitashika nywele kwa meno?"

Akachagua mwanga. Walimpunguza kucha, wakampaka dawa, wakakifunga kidole kwa muda wa saa tatu kisipate mwanga, kisha wakakiweka chini ya taa nyekundu. Loo! Ilikuwa kama kukitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Nesi alimpulizia feni, machozi yakamtoka vilevile.

"Sasa unajua tunavyojisikia ukituvuta nywele," dada akamnong'oneza. Msusi akacheka huku analia.

Alirudi chini ya taa hiyo mara mbili zaidi. Kucha mpya ikaanza kuota, laini, naye akaanza kulala usingizi. Baada ya miezi mitano wakapima tena.

"Imebaki kidogo, pembeni," daktari akasema.

Msusi alimtazama dada yake, akingojea "si nilikwambia". Dada aliinamisha macho, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kata," msusi akasema mwenyewe.

Kucha ikaondoka na ngozi yake, wakaziba kidonda kwa ngozi waliyoitoa mkononi. Ncha ya kidole ilinusurika, lakini imekufa ganzi. Akishika unywele mmoja, hausikii tena. Kichwa alichokisuka kwa saa mbili sasa kinamchukua saa nne. Wateja wenye haraka wamehama. Waliobaki huja na chakula chao, na hakuna anayemuuliza atamaliza lini.