Tunakaribia Kula

Mume wangu Firmin ameuza nyama miaka yote ya ndoa yetu, na kwake mtu hupimwa kwa sahani anayomwekea mgeni. Kwa hiyo binti yetu Lore alipomleta Wessel, Mholanzi wa Amersfoort, Firmin hakuuliza kijana ana kazi gani. Aliuliza kwao wanapika nini. Lore naye alishasema haolewi bila neno la baba yake, na neno hilo lilikuwa halijatoka. Jumapili ile tukavuka mpaka kutoka Ubelgiji kwenda Uholanzi kuonana na wazazi wa Wessel.

"Mholanzi akikupa chai," Firmin alisema njiani, "ujue majani yake yameshaoga mara mbili."

"Baba, ukianza hayo mbele yao mimi naondoka," Lore alimwambia kutoka kiti cha nyuma.

"Mbele yao nitakuwa bubu."

Hanneke, mama yake Wessel, alitufungulia mlango na kumwita mume wangu Firmin, hivi hivi, kana kwamba walikua pamoja. Hakuna bwana, hakuna nini. Tukaketishwa kwenye viti vilivyopangwa duara, tukapewa kahawa na biskuti moja moja. Alipopitisha kopo la biskuti mara ya pili, nilisema hapana, asante. Firmin naye akakataa. Kwetu Ubelgiji hapana ya kwanza ni adabu tu. Mwenye nyumba hukubembeleza, unakataa tena, anakusukumia, ndipo unakula. Hanneke alifunika kopo akalirudisha kabatini.

Gerben, baba mtu, alimwambia Firmin kwamba amenenepa mno kwa umri wake. Alisema bila ubaya wowote, kama anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Firmin akatorokea chooni, na aliporudi akaninong'oneza.

"Mama Lore, kalenda ya siku za kuzaliwa wameitundika chooni. Ukoo mzima unakutazama umekaa pale."

"Nyamaza."

Jioni ilipokaribia, Hanneke alijipiga mapaja akasimama. "Haya. Sisi tunakaribia kula."

Sijamwona Firmin akinyanyuka upesi vile tangu duka lilipotaka kuungua. Alikuwa wa kwanza kufika mezani, akavuta kiti, akatandaza kitambaa mapajani. Nami nikaketi kando yake. Meza ilikuwa na sahani tatu, nikadhani nyingine zinakuja. Nilipogeuka kumtafuta Lore, alikuwa amesimama mlangoni na makoti yetu mikononi, uso umemwiva kwa aibu.

"Baba," alisema polepole, "huku wakisema hivyo, mgeni anaaga."

"Ni kweli," Hanneke alisema. "Kababu ziko tatu. Sikujua mna njaa, biskuti mlikataa."

"Tulikataa kwa adabu," nilimjibu.

"Adabu gani ya kudanganya mtu?"

Nilikasirika. Firmin alishaanza kuinuka, na nilijua akitoka pale na njaa yake, ndoa imetoka naye. Wessel akamwekea mkono begani. "Baba Lore, kaa tafadhali. Kula yangu." Lakini Hanneke alikuwa ameshashika kisu. Alizikata kababu nusu kwa nusu, akaongeza sahani, akamwambia Lore aweke makoti chini.

Tulikula. Kababu ilikuwa tamu, na anayesema hivyo ni mke wa muuza nyama.

"Sasa, Firmin," Hanneke alisema, "mwanangu unamtaka au humtaki?"

"Tutaona."

Wessel akatabasamu. Lore akaweka uma wake mezani, maana kwetu tutaona ni hapana iliyovaa shati safi.

"Amesema hapana," Lore alimweleza Hanneke.

"Kwa nini?" Hanneke hakumwuliza Lore. Alimwuliza Firmin.

Nilidhani atatoa mzaha. Alisogeza sahani yake kando.

"Nikimkumbuka mtoto wangu nitakuja kumwona," alisema. "Nitapewa biskuti moja. Ikifika saa ya kula, nitapewa koti. Mtoto ni wangu, halafu kwake mimi mgeni."

Nimelala kando ya mtu huyu miaka yote hiyo na sikujua kwamba anaogopa hilo. Nilikuwa nikidhani ni mambo ya nyama tu. Roho iliniuma.

Hanneke aliondoka mezani. Tulisikia mlango wa choo ukifunguliwa na kufungwa. Akarudi na kalenda mkononi, akaifunua kando ya bakuli la viazi na kuchukua kalamu.

"Umezaliwa lini?"

Firmin alimwambia. Akaandika. Akaniuliza na mimi, akaandika.

"Aliyemo humu ni wa nyumbani," alisema. "Wa nyumbani hapewi koti. Ila pigeni simu kwanza, nijue nipike kababu ngapi."

Akairudisha kalenda chooni mahali pake. Alipokuja tena, alimsogezea Firmin bakuli. "Viazi?"

"Hapana, asante."

Hanneke akaliinua bakuli aende nalo jikoni. Firmin akalishika ukingo.

"Nimedanganya," alisema. "Viazi nataka. Na kijana namtaka."

Hanneke akampakulia vyote.